Yaya, nataka kuacha kazi juu ya tablo moja ya ukutani

Yaya jambo,

Niko nakuandikia saa 23, kuran (umeme) ilikatika tangu saa 18 na telefone inabakia na moto kidogo, njo maana usinicheke kama ile naandika inakaa ovyo ovyo. Niko binti wa miaka 26, naikala Katuba, hapa Lubumbashi, kwa bazazi. Nilimaliza inive (chuo kikuu) 2022 mu komptabilite (uhasibu), kisha karibu miaka mbili nilikuwa paka (tu) nyumbani, asubuhi natuma CV, mangaribi nasaidia mama kuuzisha munkoyo mbele ya parseli. Mwaka jana njo Mungu akafungua mulango, nikapata kazi katikati ya mji kwa patro (mwenye kazi) mumoja mwenye kuuzisha bintu bya usalama bya migodi, bote (viatu), kaske, glavu, jile za kung'aa, tunajaza kamyo inaenda Likasi na Kolwezi. Mi njo nafanya fakture, nachunga stoki na kese. Ananilipa dola 280.

Mutu akisikia 280 anasema Mungu eko muzuri. Na mi nilisema vile. Lakini Yaya, kazi ile inanikula.

Wakati wa kuingia aliniambia utafanya ese (kazi ya kujaribiwa) miezi 3, kisha tutaandika kontra. Leo ni miezi 14, niko paka ku ese. Tarehe ya mushahara hakuna, mwezi mumoja ni tarehe 3, mwezi mwengine ni 17, mwezi wa tano alinipatia 150 akasema "ile ingine tutaona", na "tutaona" yenyewe ilifika mwezi wa saba. Programu ya stoki iko mu ordinatere lakini mo-de-pase (neno la siri) anaijua yeye peke yake, mi naandika mu kaye na biki, mangaribi anakuja anaingiza mwenyewe, sawa vile nitamuiba nambari. Saa 22 anatuma vokali mu grupu ya WhatsApp, dakika nne, dakika tano, nani aliweka bote za 42 nyuma ya za 44, na asubuhi anauliza mbona haukujibu. Siku ya tatu (Jumatano) ananituma kutosha batoto bake ku masomo. Jina langu sijalisikia mu kinywa chake hata mara moja, ni "mutoto", "we mutoto", na bakiriya bananiangalia.

Sasa, siku ya mposho (Jumamosi) moja. Nilikuwa natafuta kanyumba Kampemba, chumba na salo, juu miaka 26 bado nalala chumba kimoja na bandugu batatu. Mwenye nyumba akaniomba garanti ya miezi 6 na karatasi yenye kuonesha nafanya kazi fasi gani. Nikaenda ku kontwari, patro alikuwa anahesabu kaske na bakiriya babili ba Likasi, nikamuuliza kwa heshima, papa, unaweza kunipatia fishi ya pei (karatasi ya mushahara) ya mwezi uliopita? Akaweka biki chini. Akaangalia bale bakiriya, akasema: "Unataka karatasi ao unataka makuta?" Bote bakacheka. Na mi nilicheka Yaya, njo kile kinaniuma mpaka leo, kwamba na mi nilicheka.

Sasa nimeona milango mibili. Wa kwanza, rafiki yangu tulisoma naye eko Kolwezi, mu sosiete moja ndogo yenye kuchukua kazi chini ya mugodi mukubwa, banatafuta mutu wa stoki, dola 650, unalala ku kambi, siku 28 unafanya, siku 14 unarudi nyumbani. Wa pili, ni kale kaburo ka vijana banaoweka pano za jua ku manyumba. Nilienda kule kupeleka fakture, bakaniambia ngojea, nikangojea karibu saa nzima. Ukutani kuna tablo nyeupe. Baliandika na markere: MUSHAHARA TAREHE 28. Chini yake majina ya bafanyakazi batano, kila mutu na tarehe zake za konje (likizo). Na ku kona, MPOSHO HII NANI ANAFUNDISHA, na jina la kijana mumoja, batri. Nikauliza maana yake, bakasema kila mposho saa moja kabla ya kufunga mutu mumoja anafundisha bengine kintu anajua. Kisha patro wao, kijana wa miaka 35 hivi, akamaliza chai yake akasimama akaenda kuosha kikombe chake mwenyewe, akarudi. Yaya, nilipanda taksi-bis nikafika Katuba niko nawaza paka kile kikombe. Banatafuta komptable. Banatoa dola 200.

Mama anataka Kolwezi, juu bandugu bangu babili bangali ku masomo na minervali (makuta ya masomo) inangojea. Papa yeye hataki kusikia kintu. Alifanya miaka 24 kwa sosiete kubwa ya shaba, anasema siye tulikuwa tunapanga mulongo saa 5 ya asubuhi na hakuna mutu aliuliza kama kapita (musimamizi) eko na sura ya kucheka, nyinyi batoto ba leo munachagua kazi sawa munachagua nyanya ku soko. Nilipomuelezea ya fishi ya pei akasema karatasi hailiwe na bukari (ugali). Na yeye mwenyewe anachunga karatasi zake zote mu valizi chini ya kitanda, hata fishi za 1987 ziko mule, lakini wacha tu.

Yaya, mutu anaweza kweli kuacha dola 280 kwenda ku 200 juu ya tablo na kikombe? Ao niko muvivu tu?

Mwana wa Katuba

* * *

Mwana wa Katuba, jambo sana,

Barua yako nilisoma katika taksi-bis, nikapitisha fasi yangu ya kushuka, nikarudi na miguu kutoka Carrefour, basi uniweke ile nauli katika hesabu zako.

Tumalize kwanza mambo ya uvivu. Mutu muvivu hakai miezi 14 akiandika stoki ya bote na biki katika kaye huku ordinatere iko pale inamuangalia. Papa yako akikuita muvivu, sema ndiyo papa, kisha uendelee kukunja nguo, usibishane. Yeye anaongelea kintu kingine, nitakuja kwake.

Vijana wa umri wako wananiandikia sana juu ya kazi. Nikiondoa makelele yote, sijapata bado hata mumoja mwenye kuomba fotei ya ngozi ao klima ao motokari ya kazi. Wanaomba bile uliona pale ukutani. Kujua siku ya mushahara, ili nikimuambia mwenye nyumba "tarehe 30" nisidanganye. Kufundishwa, kwamba nikitoka hapa nitoke na kintu katika kichwa. Kuitwa jina. Usiku telefone inyamaze. Na kuona mbele kidogo, mwaka ujao nitakuwa wapi, si lazima iwe juu sana, paka nisiwe ku ese. Ile tablo haikukuvuta juu ni nzuri, ilikuvuta juu mutu aliandika tarehe fasi kila mutu anaweza kuisoma, na mutu akiandika tarehe ukutani amejifunga mwenyewe. Patro wako yeye hataki kujifunga. Njo ile mo-de-pase anaijua peke yake, njo ile "tutaona". Kikombe nacho nakielewa, lakini kikombe tutakiongelea chini, juu kikombe kinaweza kudanganya.

Sasa papa. Uko mtoto wa Lubumbashi, unajua sisi siku ya sita tunaiita mposho, lakini umeshajiuliza mbona? Ni ile siku walikuwa wanagawa posho, unga, samaki, mafuta, kwa wafanyakazi wa kompani. Union Minière, ile kompani ya shaba, ilianza 1906, na kufika miaka ya 1920 na kitu iliona kwamba kutafuta watu wapya kila mara ni hasara, bora mutu akae na bibi na watoto, basi ikajenga kambi, ikaweka hospitali, masomo, na posho. Serikali ilipoichukua, kisha ikaitwa Gécamines, mambo yaliendelea vile vile. Mutu alizaliwa ku hospitali ya kompani, akasoma ku masomo ya kompani, akaoa, akalala katika nyumba ya kompani. Kazi ilikuwa baba na mama. Kwa hiyo kuuliza kama kapita anacheka ilikuwa kweli upuuzi, hata akikutukana, mposho unga unafika nyumbani.

Lakini baba na mama yule aligonjwa. 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, 1993 haikufika hata 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi, na 2003 watu zaidi ya 10,000 wakatoka kwa ile waliita depa volontere (kuondoka kwa hiari), kila mutu na makuta yake ya kuachana. Sijui papa yako alifanya sosiete gani na siulizi, lakini kizazi chake chote hapa kwetu kiliona ile. Walipewa usalama mkubwa, na bei yake ilikuwa kunyamaza, na siku usalama uliondoka wakabakia na kunyamaza. Wewe patro wako anakuomba bei ile ile, nyamaza, cheka kama bakiriya wanacheka, ila posho haiko, nyumba haiko, hospitali haiko. Unalipa bei ya Union Minière kwa kununua kaye na biki. Hapo njo papa hajaona tofauti, na hautamuonesha kwa kubishana.

Nije kwa kintu cha maana kuliko yote, juu naona haukijui, na patro wako naye labda hakijui ao anafanya sawa hakijui. Wewe hauko ku ese. Ilikwisha zamani. Sheria yetu ya kazi (Code du travail) ni ile 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ikarekebishwa 2016. Inasema ese lazima iandikwe, na haiwezi kupita mwezi 1 kwa mutu wa kazi ya mikono asiye na ufundi, miezi 6 kwa wengine wote. Ukiendelea kufanya nyuma ya ile miezi, kontra imejithibitisha yenyewe, hata patro asiposema kitu. Na kama hakuna karatasi hata moja, sheria inachukua kwamba kontra yako haina mwisho, mpaka yeye alete ushahidi mwingine. Unaona? Ule ambaye karatasi inamkosesha usingizi inapaswa kuwa yeye, si wewe. Akitaka kukutosha ku kazi ni preavi (kukujulisha mbele), siku 14 za kazi na siku 7 juu kwa kila mwaka mzima umefanya, kwako inakuja 21. Wewe ukitaka kuondoka mwenyewe ni nusu ya ile, siku kumi na kidogo, usiondoke siku moja na hasira ukimuachia sababu.

Fishi ya pei si zawadi, kila akilipa anapaswa kukuandikia hesabu. Mushahara kila mwezi, na sheria inampa siku 6 nyuma ya mwisho wa mwezi, hiyo 17 yake haiko fasi yoyote. Konje, siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mzima, kwa hiyo mwaka wako wa kwanza peke yake una siku 12, na katika barua yako sijaona hata siku moja ya konje, ao ulisahau kuandika? Wiki ni saa 45, vokali za saa 22 zihesabie mwenyewe. Na pita siku moja ku CNSS, kese ya pansheni, ile zamani tuliita INSS, uulize kama jina lako liko. Patro anapaswa kulipa 13 kwa mia ya mushahara wako na kukukata wewe 5. Kama hauko kule, miezi 14 ya pansheni yako iko katika mufuko wa mutu. Kwa makuta yenyewe, hapo sheria haitakusaidia sana, SMIG (mushahara wa chini kabisa wa sheria) ilikuwa 7,075 FC kwa siku tangu 2018, 2025 wakaipandisha 14,500, na 280 yako ilikuwa juu ya hiyo.

Lakini (na hapa usikasirike) kuna kosa moja ni lako. Uliomba fishi ya pei mara moja, siku ya mposho, ku kontwari, mbele ya bakiriya wawili wa Likasi. Ma, patro gani wa Kikongo atasema "ndiyo mutoto wangu, samahani, nilichelewa" mbele ya watu wanaotaka kumshusha bei ya kaske? Alikuwa katika biashara, akatafuta maneno ya kuchekesha, akayapata juu ya mgongo wako. Ni vibaya, na kicheko chako mwenyewe ninakielewa kwamba kinauma, tumecheka hivyo wote, mi nilicheka hivyo miaka mitatu. Ila haukumuuliza kweli bado. Ulimshitukiza.

Basi muulize kweli. Jumatatu, mapema, kabla duka halijafunguliwa, yeye na wewe. Usilete habari ya sheria kwa mdomo, mutu wa hapa ukimtajia artikle anaona umeenda kushitaki tayari. Mupelekee karatasi moja, umeandika vizuri na mkono, vitu vitatu tu: kontra yenye sahihi, fishi kila mwezi, tarehe ya mushahara. Mwambie papa, nafurahi kufanya hapa na nataka kuendelea (hata kama hautaki), naomba tuandike hivi vitu na uniambie siku gani. Omba siku, usiombe "ndiyo". "Ndiyo" wanakupa bure. Akisema tutaona, sema sawa papa, naweza kurudi kuuliza siku ya tano? Na siku ya tano urudi. Chunga kopi ya ile karatasi, na uanze leo kuandika katika kaye lako mwenyewe tarehe zote alikulipa na kiasi gani, zile unakumbuka, na upige picha ya kaye za stoki zenye mwandiko wako. Ile njo ushahidi kwamba ulifanya kule, kama siku moja itabidi kupita ku Inspeksio ya Kazi. Inspeksio si tribinali, wanaita pande mbili, wanasikiliza, mara nyingi patro akipata ile barua ya kuitwa tu anakumbuka fasi alitia biki. Lakini hiyo ni ya mwisho. Usianze nayo.

Vokali za usiku, jibu asubuhi ukifika, "nimeisikia papa, bote za 42 nimezirudisha", kila siku vile vile, bila kuomba ruhusa. Atapiga kelele wiki moja kisha atazoea, juu kile anataka ni bote zirudi fasi yake. Watoto wa siku ya tatu, ile sema. Mara moja ni msaada, kila wiki ni kazi, na siku mtoto ataanguka pale barabarani ni wewe watauliza. Ya kuitwa mutoto sitakudanganya, inaweza isiishe kamwe, hapa kwetu mutu ana miaka 40 na kadri mzima anaitwa mutoto na aliye na 60. Anza wewe kujitaja katika telefone mbele yake, "allo, hapa ni fulani wa komptabilite". Wengine wanashika.

Kolwezi. Sikukatazi, 650 ni 650 na wadogo wako wanakula kweli. Ila ni kilometa kama 300 kutoka kwenu, na kabla ya kufunga begi muombe rafiki yako akupigie picha ya kontra yake, si ya mutu mwingine, yake. Angalia jina juu ya karatasi ni la nani. Zile sosiete ndogo zinaishi na soko la mugodi mkubwa, soko likikwisha nazo zinakwisha, mutu analala ku kambi anaamka anaambiwa rudisha kaske. Uliona kobalti, Februari 2025 serikali ilisimamisha kuitoa inje miezi 4, ikaongeza tena, Oktoba ikaingiza kota (mpaka wa kiasi), na wewe unauzisha glavu, ulikuwa unaona mwenyewe katika fakture kama kamyo za Kolwezi ziliendelea kujaa sawa mbele. Uliza kontra ni ya muda gani. Ile ya muda haiwezi kupita miaka 2 na inarudiwa mara moja tu, wengi wanawapa watu miezi 3, miezi 3, miezi 3, sawa kumeza kinini. Na uliza kama kuna mutu wa kukufundisha ao utakaa siku 28 katika konteneri ukihesabu vile vile bote, ila za bei kubwa. Kama ni vile, enda na hesabu yako tayari, mwaka mmoja, minervali na garanti, kisha toka. Usiende bila kujua utatoka lini.

Kwa wale wa jua. Tablo inanipendeza, sikatai, ile ya mposho nani anafundisha ningeiiba niipeleke kwetu. Lakini mi nimeshaona patro anayeosha kikombe chake na halipi watu wake. Kabla ya kuacha dola 80 kila mwezi, rudi kule, kuna fakture daima, na usiongee na patro, ongea na wale vijana watano wakiwa inje wanafunga kamba ku kamyo. Swali moja: mwezi uliopita mulilipwa tarehe ngapi? Na mwezi wa mbele yake? Wakijibu haraka, 28, 28, ile mara moja ilikuwa 29 juu banki ilifungwa, hapo unaweza kuanza kufikiri. Wakiangaliana, tablo ni mapambo. Kisha muulize patro kama wameandikishwa ku CNSS, na kama 200 inapanda lini na kwa sababu gani. Kijana aliyeweza kuandika tarehe ukutani anapaswa kuweza kujibu hiyo pia.

Mi kazi yangu ya kwanza ilikuwa duka la vitabu na kaye, hapa hapa mjini, patro alikuwa mama mmoja mkali sana, makuta kidogo ya aibu. Kila mangaribi alifunga mlango, anamwaga kese yote juu ya meza, na tunahesabu pamoja, yeye noti, mi vipande, kisha tunabadilishana, mi noti, yeye vipande. Kama kumekosekana hata falanga 500 hatutoki. Miezi ya kwanza niliona ananifikiria mwizi. Kumbe alikuwa ananifundisha, na alikuwa ananiachia nimhesabu na yeye. Nilimuacha kwa kazi iliyolipa mara mbili, bila kuuliza swali hata moja kati ya haya nimekuandikia, nilipenda tu ile buro kulikuwa klima. Ilifunga nyuma ya miezi mitano, mwezi wa mwisho sikulipwa mpaka leo. Mpaka leo tena, nikishika makuta ya mutu, nahesabu noti, kisha vipande, kisha nabadilisha mkono.

Sasa ile valizi. Uliiandika kwa haraka ukasema wacha tu, mi siwachi. Papa anasema karatasi hailiwe na bukari, na ana fishi ya 1987 chini ya kitanda, karibu miaka 40, imepita mvua ngapi, mahamisho mangapi, panya wangapi. Usimuulize juu ya kazi yako. Siku ya Mungu hii nyuma ya misa, kama amekula vizuri, muombe tu akuoneshe valizi. Kaa chini naye. Atakuambia ile ni ya mwaka fulani, hapa niliongezewa premi, hapa walinikata juu ya fulani, atakusomea mstari kwa mstari, na utaona anajua kila mstari. Kisha muombe moja, ile yenye kusomeka vizuri, ukaitoe fotokopi, umwambie ni kwa patro wako, aone fishi ya pei inaandikwa namna gani.

Uniandikie alisema nini.

Yaya